Nilidhani Nimerogwa

Ndugu msomaji, haya ninayokueleza leo si mambo ambayo mtu mzima hupenda kuyasema hadharani, tena katika ukurasa ambao yamkini unasomwa na baba, mama na vijana wao baada ya chakula cha Jumapili. Nimeyaweka moyoni kwa miaka kadhaa. Lakini nyumba yangu ilibaki kidogo tu ivunjike kwa sababu ya kunyamaza, na ninajua kwamba wapo wanaume wenzangu wengi walio katika hali ile ile, nao wamenyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Kwa hiyo nitajitahidi kusema kwa lugha ya heshima, ila sitaficha.

Mimi ni mzaliwa wa Ihanda, wilayani Mbozi, katika nchi ya kahawa ambayo tangu mwaka 2016 ni sehemu ya Mkoa wa Songwe. Kazi yangu iko Tunduma, mpakani. Ni karani katika ofisi ndogo inayoshughulikia hati za mizigo iendayo Zambia na Kongo. Kazi ya ukarani, kama ujuavyo, hufanywa kwa kukaa. Tangu asubuhi hadi jioni nilikuwa kitini, na kando yangu chupa ya soda, kwa kuwa vumbi la malori hukausha koo. Mchana nilikula chipsi mayai. Jioni nyama ya kuchoma na bia tatu nne pamoja na madereva waliokuwa wakisubiri hati zao. Nilipotimiza miaka 46 nilikuwa na uzito wa kilo 94, na tumbo lilinitangulia kuingia mlangoni. Watu wakaniita bosi, nami niliitika. Kwetu kitambi bado huhesabiwa kuwa cheti cha mafanikio.

Mambo yalianza mwaka 2017, polepole, kama paa linavyoanza kuvuja. Mwanzoni nguvu zilikuja zikaondoka kabla ya wakati. Baadaye zikawa zinakawia. Mwishowe hazikuja kabisa. Vijana husema jogoo hawiki, nao hucheka. Aliyepatwa na jambo hilo hacheki. Nilimwambia mke wangu kwamba ni uchovu wa kazi. Wiki iliyofuata nikasema ni mafua. Kisha nikaanza kuchelewa makusudi kurudi nyumbani ili nimkute amekwisha kulala, na hatimaye nikahamia kwenye kochi la sebuleni kwa kisingizio cha joto. Joto gani, katika mji ambao mwezi Julai watu hulala na mablanketi mawili!

Mke wangu hakusema neno. Tulikuwa tumeoana kwa miaka 19 na tuna watoto wanne, nami ukimya wake niliufasiri kuwa dharau. Kumbe naye alikuwa na hukumu yake: alikwisha kuamini kwamba nina nyumba ndogo ng'ambo ya pili, Nakonde, na kwamba nguvu zangu zinaishia huko. Hivyo tukaishi karibu miaka miwili chini ya bati moja, kila mmoja akimshitaki mwenzake moyoni bila shahidi.

Mimi, kwa upande wangu, nilimtafuta mchawi. Nilikuwa na ugomvi wa shamba la kahawa na mtoto wa baba mdogo, na kwa akili zangu za wakati ule ushahidi huo ulitosha: amenifunga. Nikaanza kutumia fedha. Nilinunua mizizi ya kuchemsha, nikanunua unga wa kulamba, nikanunua na lile linaloitwa vumbi la Kongo, ambalo hakuna stendi ya mabasi utakayoikosa bila kulikuta. Siku moja unga mmoja ulifanya kazi, tena kwa kishindo, lakini moyo ulinienda mbio na kichwa kikaniuma hadi alfajiri nikadhani ndio mwisho wangu. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba katika nchi nyingi dawa za namna hiyo, zinazouzwa kuwa ni za miti mitupu, zimepimwa na kukutwa zimechanganywa kwa siri na sildenafil, dawa ya hospitali. Anayelamba hajui kipimo alicholamba. Nakiri pia kwamba nilipata kufikiri kuoa mke wa pili, kana kwamba kasoro ilikuwa kwa yule wa kwanza. Mungu hakuniruhusu, au niseme mfuko haukuniruhusu.

Wakati huo huo mwili ulikuwa ukinipigia kelele kwa njia nyingine, nami kila kelele niliipa sababu yake. Kiu isiyokwisha: vumbi. Kuamka mara nne usiku kwenda haja ndogo: soda na bia. Macho kuona ukungu: karatasi za ofisi. Nyayo kuwaka moto kama nimekanyaga pilipili: viatu. Karani hodari wa kupanga hati za watu, lakini za mwili wangu sikuweza kuziweka katika jalada moja.

Mwezi Juni mwaka 2019 tulikwenda Ihanda kuwasaidia wazee kuchuma kahawa. Usiku wa Mbozi mwezi huo ni baridi kali, na choo cha nyumbani kiko mbali, nyuma ya migomba. Basi mtu mzima nikafanya mambo ya kitoto: kila nilipoamka nilijisaidia pale karibu, penye ukingo wa jiko. Asubuhi nilimsikia shangazi yangu, mama wa miaka zaidi ya 70, akiita akiwa na ufagio mkononi.

"Nani aliyekojoa hapa usiku?"

Nikatoka. Nikamwamkia. Hakuitikia shikamoo yangu. Alikuwa ameinama akitazama chini. Pale mahali palikuwa peusi kwa sisimizi. Walikuwa wamepanga mistari kutoka ukutani, kama watu waliosikia sukari imefika dukani.

"Ni wewe, mwanangu?"

Nikanyamaza.

"Mume wangu aliwaita sisimizi hawa hawa," alisema. "Tukacheka. Miaka mitatu baadaye wakamkata mguu. Nenda Vwawa leo hii. Kahawa haitakimbia."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake ya kuchumia. Alisikia yote. Akaiweka ndoo chini, akaingia ndani kutafuta khanga ya safari, na bila kuniuliza akaja nami.

Shangazi hakusoma zaidi ya kusoma na kuandika, lakini alilolisema lina historia ndefu. Matabibu wa India ya kale waliutambua ugonjwa huu kwa wadudu waliovutwa na mkojo wa mgonjwa, wakauita kwa jina lenye maana ya mkojo wa asali. Sababu yake ni hii: sukari katika damu ikizidi kiasi cha 10 hivi kwa vipimo vyetu vya hospitali, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini, nayo hutoka na mkojo. Lakini usije ukakaa ukiwasubiri sisimizi, ndugu msomaji. Kisukari huhesabiwa kuwa kipo mtu akipimwa kabla ya kula chochote akakutwa na 7 au zaidi, na katika kiwango hicho mkojo waweza usiwe na sukari hata chembe. Wasipokuja, hujapata cheti cha uzima.

Vwawa nilitobolewa kidole. Kipimo kilisoma 19.2. Tabibu alikuwa kijana, umri wa mwanangu wa kwanza kwa kukadiria, mwenye adabu. Aliniuliza juu ya kiu, macho na miguu, kisha akashusha kalamu yake, akasema kwa sauti ya chini: "Mzee, uniwie radhi. Na mambo ya unyumba, yakoje?"

Niliinama. Nilikuwa tayari kusema ni salama, kama nilivyokwisha kusema katika kituo kingine mwaka mmoja kabla, ambako mhudumu aliuliza swali hilo kwa sauti mbele ya foleni nzima nikaondoka bila kutibiwa. Lakini mke wangu alijibu kabla yangu.

"Karibu miaka miwili sasa, daktari."

Hapakuwa na lawama katika sauti yake. Alisema kama mtu anayetaja tarehe. Yule kijana akatikisa kichwa, akaandika, akasema jambo ambalo sitalisahau: "Basi ugonjwa huu ulibisha hodi zamani, hamkuufungulia."

Aliyonieleza siku ile, na yale niliyoyasoma na kuyauliza baadaye, nitakupa kwa ufupi. Mwanaume hudhani kwamba nguvu zake zinakaa mahali pamoja. La. Zinaanzia kichwani, zinashuka kwa mishipa ya fahamu ipitayo katika uti wa mgongo, mpaka penye uume. Hapo ncha za mishipa hiyo, pamoja na utando laini ulio ndani ya mishipa ya damu, hutoa kiasi kidogo mno cha hewa iitwayo naitriki oksaidi, na hewa hiyo ndiyo inayoiamuru mishipa ya damu ilegee ifunguke. Damu huingia kwa wingi na kujaza nyama iliyo kama sifongo. Nayo sifongo ikivimba huibana mishipa ya kutolea damu isirudi upesi. Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya hewa hiyo katika mwili.

Tabibu wangu, kwa kuwa alijua natoka katika kahawa, alisema: fikiri mfereji wa maji ya kuoshea buni, na mtu wa kufungua lango la mfereji. Sukari iliyozidi, ikikaa katika damu mwaka baada ya mwaka, huharibu vyote viwili. Huuchakaza mfereji kwa ndani ukawa mgumu na mwembamba, na humlemaza yule mtu wa langoni, yaani mishipa ya fahamu. Ndiyo maana nyayo zilikuwa zinawaka. Zile nyayo na ule unyonge wa chumbani vilikuwa ugonjwa mmoja, nami nilikuwa nikilaumu viatu na mtoto wa baba mdogo.

Kisha akaniambia la kutisha zaidi. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 au 2. Ile inayoulisha moyo ina milimita 3 au 4. Uchakavu ule ule ukiivamia yote, myembamba huziba kwanza. Kwa hiyo mwanaume anayeshindwa leo chumbani aweza, katika miaka michache, kushikwa na moyo. Mimi nilikuwa nikilia kwa ajili ya heshima yangu, na kumbe hesabu iliyokuwa mezani ilikuwa ya uhai.

Wala sikuwa peke yangu. Katika kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Taifa Muhimbili walichunguzwa wanaume 312, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: asilimia 55.1 walikuwa na upungufu huu, mdogo au mkubwa, na hatari ilizidi kwa wenye umri mkubwa na kwa wale ambao mishipa ya fahamu ya miguu ilikwisha kuharibika. Zaidi ya nusu ya benchi! Na mabenchi yanarefuka. Uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 uliwakuta wenye kisukari chini ya asilimia 1. Ule wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Hata kama namna za kupima hazikulingana, mwenye macho ataona mwelekeo, na sisi wa mijini, wa viti na soda, ndio tulioushika usukani.

Nilianza vidonge vya metformini, nikaacha soda, na baada ya miezi mitatu sukari ilikuwa imeshuka vizuri. Nikangoja nguvu zirudi. Hazikurudi, na nikagundua jambo jipya, gumu hata kulieleza: kwamba hata hamu yenyewe haikuwapo. Zamani nilitaka nikashindwa. Sasa sikutaka. Nilikuwa mchovu tangu alfajiri, mwenye hasira za bure, na ile dalili ya asubuhi ambayo kila mwanaume mzima huamka nayo sikuikumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

Daktari mmoja wa Mbeya alinisaidia kutenganisha mambo hayo mawili. Kuna kutaka, alisema, na kuna kuweza. Kuweza ni kazi ya mishipa. Kutaka kwa sehemu kubwa ni kazi ya homoni iitwayo testosteroni, inayotengenezwa na korodani kwa amri itokayo katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Akaagiza nichukuliwe damu asubuhi mapema, kwa maana homoni hiyo huwa nyingi saa za asubuhi na hupungua kadiri siku inavyokwenda, na kipimo cha jioni chaweza kudanganya. Ilipotoka chini akataka irudiwe siku nyingine ili asihukumu kwa shahidi mmoja. Mara ya pili ilisoma 7.6. Yeye alitaka kuiona juu ya 12.

Nikamwuliza kisukari na homoni vinahusiana vipi. Jibu lake lilinielekeza kwenye kitambi changu, kile cheti. Mafuta ya tumbo, alisema, si mzigo uliolala tu, yanafanya kazi. Yanaigeuza sehemu ya testosteroni kuwa homoni ya kike. Na mwili wenye mafuta mengi, usioisikiliza insulini, huifanya ile tezi ya kichwani izembee kutoa amri. Homoni ikipungua, misuli hunywea na mafuta huongezeka. Mafuta yakiongezeka, sukari hupanda. Sukari ikipanda, homoni huzidi kushuka. Ni mduara. Katika mji wa Buffalo, Marekani, wanaume 103 wenye kisukari cha ukubwani walipimwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba theluthi moja yao walikuwa na upungufu wa homoni hiyo. Yaani sukari humpiga mtu kwa mikono miwili, mmoja kwenye mishipa na mwingine kwenye homoni, naye aliyepigwa huenda kumtafuta mganga.

Nilitaka nichomwe sindano ya homoni siku ile ile. Akakataa. Alisema sindano zina mahali pake, kwa wanaostahili na chini ya uangalizi, lakini zaweza kuifanya damu kuwa nzito, tezi dume hapana budi ichunguzwe kwanza, na kijana anayetaka watoto asizisogelee, kwa kuwa mwili ukiletewa homoni kutoka nje huacha kutengeneza mbegu zake. Kwa mtu kama wewe, alisema akinipigapiga tumbo bila heshima yoyote, dawa ya kwanza ni hii kuondoka.

Basi nikaanza kwenda ofisini kwa miguu. Madereva walinicheka, mmoja aliuliza kama nimefukuzwa kazi. Chai bila sukari ilinishinda wiki mbili, ya tatu ikanyweka. Ugali ukapungua, maharage na mboga za majani zikaongezeka, bia zikabaki za harusini. Baada ya miezi minane nilikuwa kilo 81, na homoni ilisoma 11.9 bila sindano hata moja.

Sitakudanganya kwamba nimekuwa kijana. Mishipa iliyochakaa hairudi yote kuwa mipya. Zipo siku ambazo mambo huenda vyema, zipo ambazo natumia kidonge nilichoandikiwa na daktari, na zipo ambazo tunazungumza tu hadi usingizi utuchukue. Vidonge hivyo vina mwiko wake: anayetumia dawa za maumivu ya kifua za jamii ya naitreti asiviguse kamwe, maana shinikizo la damu laweza kuanguka ghafla akafa. Na anayetumia dawa za shinikizo la damu akiona nguvu zinapungua asiziache kwa siri. Amwambie tabibu, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huchangia, na zipo za kubadilisha.

Lakini nimekimbia mbele. Siku ile ya Vwawa, tulipokuwa tukirudi Ihanda, mke wangu alinyamaza mpaka tulipoanza kuziona kahawa za kwetu. Ndipo aliponiuliza, "Kwa hiyo hakuna mtu Nakonde?" Nikamwambia hakuna, na wala hajapata kuwapo. Nami nikamweleza habari za mtoto wa baba mdogo, za mizizi na za vumbi la Kongo, na fedha zilizokwenda. Alipozisikia hizo fedha alikasirika kweli kweli, kuliko alivyokasirika kwa Nakonde. Kisha tukacheka hata kondakta akageuka. Jioni ile nilirudi kulala chumbani, na kwa miezi mingi baadaye hapakuwa na jambo jingine lililobadilika ila hilo.

Msimu uliopita wa kahawa, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi seremala mwenye afya ya kuonekana, alinivuta kando nyuma ya vichanja vya kuanikia buni. Alizungumza kwanza juu ya bei, akahamia mvua, akarudi kwenye bei. Mwishowe akasema amesikia kwamba huko Tunduma kuna mtu ana dawa nzuri za kiume, nami ninayeishi huko bila shaka namfahamu.

Nikamwuliza, "Shemeji, usiku unaamka mara ngapi?"

Alinitazama kwa mshangao, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole.